Vifaranga wa Mama Wambui na Chekeche la Makaa

Siku mliyoniaga nikistaafu, pale ofisini, mliniwekea paja na firigisi kwenye sahani, mkapiga makofi, kisha mkakaa kunitazama nikianza. Nilipoisogeza sahani kwa karani, makofi yalikatika. Mmoja wenu, ambaye sitamtaja kwa kuwa bado ana safari ndefu ya kuwafurahisha wakubwa, aliuliza kwa sauti kama mzee ameanza kuugua. Mluhya kukataa kuku! Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na sababu, nayo ni ndefu kuliko hotuba zenu za siku ile, ingawa natumaini haichoshi kama hizo. Mliniomba pia niwaandikie machache kuhusu kazi ya zamani. Haya mawili nitayafanya kwa mkupuo mmoja, maana yanatoka mahali pamoja.

Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nilipokea nini mwisho wa mwezi. Cheo kilichelewa, na mshahara ulikuwa vile vile mnavyoujua. Katika mambo hayo mawili serikali zote nilizozitumikia zilipatana vizuri sana.

Niliajiriwa miaka ya hamsini, katikati ya ile hali ya hatari ambayo watu wa Nairobi walizoea kuiita Emajensi. Nilitoka Maragoli, Uluhyani kwetu, na sanduku la bati na imani kubwa juu ya ng'ombe, kwa sababu kwenye mahojiano niliulizwa habari za ng'ombe peke yake. Siku ya kwanza niliripoti katika chumba kilichokuwa nyuma ya ofisi za mifugo, mjini, si mbali na Government Road. Hapakuwa na ng'ombe. Palikuwa na meza ndefu iliyofunikwa bati, beseni, mikasi, hadubini moja chini ya kitambaa, na trei iliyojaa vifaranga waliokufa. Nyuma ya meza alisimama Mzee Mutiso, Mkamba mfupi mwenye mvi, msaidizi mkuu wa mifugo, ambaye ndiye aliyenifundisha karibu kila kitu ninachokijua na mengine ambayo nimejaribu kuyasahau.

Alinipa kisu kidogo. "Umewahi kufungua kuku?"

"Mzee, mimi natoka Maragoli."

"Basi umezoea kumfungua ukiwa na njaa," akasema. "Leo utamfungua bila njaa. Hiyo ni kazi nyingine."

Alinionyesha jinsi ya kumlaza kifaranga chali, kukata ngozi ya tumbo bila kutoboa utumbo, na kuufuata utumbo hadi karibu na mwisho wake, pale penye vile vifuko viwili. Kwa kifaranga mzima vifuko hivyo huwa na uchafu wa kahawia tu. Kwa hawa vilikuwa vimevimba na kujaa damu iliyoganda. Ugonjwa huo kitabuni una jina refu la Kiingereza, koksidiosisi, ambalo Mzee Mutiso alilitamka mbele ya wazungu tu. Sisi kwa sisi tuliuita kuhara damu. Kufikia saa ya chai nilikuwa nimefungua trei nzima, na harufu ile ilikuwa imeingia kwenye kucha, kwenye shati, na nadhani hata kwenye jina langu.

Jioni nilirudi Kaloleni, nyumbani kwa dada yangu aliyekuwa amenikaribisha. Kwa furaha kwamba mdogo wake amepata kazi ya serikali, alikuwa amechinja jogoo. Nilitazama lile bakuli, nikaona trei. Nikamwambia jino linaniuma. Jino hilo liliendelea kuniuma miaka mingi. Liliniuma kwenye harusi, matangani, Krismasi, na kila nilipokwenda likizo nyumbani, ambako mtu kutokula kuku ni jambo la kuitiwa wazee. Watu wote niliowahudumia waliamini kwamba nawinda kuku wao, kumbe ningelipa nauli nisiwaone mezani.

Eneo langu lilikuwa upande wa magharibi, kuanzia Kawangware hadi Riruta. Kutoka mjini nilipanda Ngong Road kwa baiskeli, sanduku la kazi likiwa nyuma, nikapita Dagoretti Corner, ambapo miguu ilianza kuuliza maswali, halafu nikashuka hadi kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki na waya wa miiba. Mnajua hadithi ya vijiji vile. Watu waliondolewa kwenye mashamba yao, wakapangwa mstari kwa mstari katika nyumba za udongo zilizobanana, ili serikali iweze kuwaona vizuri. Hakuna aliyewauliza kuku. Zamani kila kuku alikuwa na mteremko wake wa kuchakura. Sasa kuku wa kijiji kizima walinyea pale pale walipodonoa, na vifaranga wakaanza kufa nyumba kwa nyumba.

Langoni nilikaguliwa na askari mmoja aitwaye Wekesa, Mluhya mwenzangu kutoka upande wa Bungoma. Kwenda hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kurudi, kwa kuwa sandukuni nilibeba vifaranga waliokufa, wamefungwa kwenye gazeti, wa kupeleka mjini.

"Nini hiyo?" aliniuliza mara ya kwanza.

"Vifaranga. Wamekufa. Nawapeleka maabara."

Aliinua gazeti, akahesabu kwa macho, akalirudisha pole pole. "Na hiyo maabara yenu inapikia wapi?"

"Hatupiki, ndugu yangu. Tunawapasua."

"Mnawapasua. Halafu?"

"Halafu tunawachoma."

"Ah!" alisema kwa uchungu. "Mnachoma!" Tangu siku hiyo alinihesabu kuwa mtu mchoyo, anayepitisha nyama ya kuchoma mbele ya mtu wa kwao bila hata kumkatia bawa.

Katika kijiji hicho aliishi Mama Wambui. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, asiyetabasamu bure. Mumewe alikuwa kizuizini, hakuna aliyejua atarudi lini. Nyumba yake ilikuwa safi kuliko zote, na hili si neno la sifa tu, lilikuwa limethibitishwa na serikali. Kila wiki mke wa mkuu wa kijiji, ambaye wote walimwita Bibi Mkaguzi, alipita nyumba kwa nyumba na wanawake wenzake wa chama, akichungulia uvunguni na kupitisha kidole juu ya masufuria. Nyumba iliyomfurahisha zaidi ilichomekwa kibendera cheupe kwenye paa. Kibendera kile kilikuwa kimekaa kwa Mama Wambui hadi kikaanza kufifia.

Alikuwa na kuku wakubwa wachache, wazee, ambao mayai yao yalikuwa yanapungua, na kundi la vifaranga weupe wa kizungu waliotolewa na ofisi yetu. Aliwafuga kwenye kibanda kilichoshikana na jiko. Niliingia nikashangaa. Sakafu ilikuwa ya udongo na samadi ya ng'ombe, imesuguliwa ikawa laini, bila mavi, bila unyoya, na mistari ya ufagio imelala sambamba. Ningeweza kulala pale mwenyewe. Katikati ya usafi huo vifaranga walisimama wamejikunyata, mabawa yameshuka, macho yamefumba nusu, na nyuma yao matone ya damu.

Nilimpa dawa tuliyokuwa nayo, unga mweupe wa salfa. Nawakumbusha ninyi mnaopenda kukimbia: dawa ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni maji. Kifaranga mgonjwa hali, lakini hunywa, kwa hiyo unga huo huyeyushwa kwenye maji ya kunywa, na pasiwepo maji mengine yoyote ndani ya kibanda. Atapewa siku chache, apumzishwe, arudiwe. Haya niliyaeleza kwa makini kila mahali, na kila mahali yalieleweka kwa namna yake. Kuna mzee mmoja aliyekunywa ile dawa mwenyewe kwa ajili ya tumbo lake, akawapa vifaranga uji. Alinishukuru sana. Vifaranga hawakusema kitu.

Vifaranga wa Mama Wambui walipona. Wiki mbili hivi baadaye wakaanza tena kuhara damu. Nikatoa dawa tena, wakapona tena, wakarudi pale pale. Kila mzunguko uliondoka na baadhi yao. Nilimweleza daktari wetu, mzungu mmoja mwenye moyo mzuri, bingwa kabisa wa ng'ombe. Akaja na gari lake, akainama mlangoni mwa kibanda, akavua kofia kwa heshima.

"Hii banda mzuri sana," alisema. "Mimi hapana ona safi namna hii. Wewe mama, endelea hivi hivi. Ongeza safi."

Nami nilitikisa kichwa kukubali. Mama Wambui akaongeza safi. Vifaranga wakafa kwa wingi zaidi.

Nilibaki na fundisho moja tu la kitabuni. Kuku wakubwa hubeba vimelea vya ugonjwa huu bila kuugua, na kuwaachia vifaranga kwenye mavi. Basi siku moja nilisimama uani kwake, mbele ya majirani waliokuja kuona Mluhya atasema nini leo, nikamshauri.

"Mama Wambui, hawa kuku wakubwa ndio wanaoleta ugonjwa. Watenge kabisa na vifaranga. Kama huna pa kuwatenga, ni afadhali uwachinje."

Kicheko kililipuka kabla sijamaliza. Yeye hakucheka.

"Hiyo neno ndiyo nilikuwa nangojea," alisema. "Ulianza na watoto. Sasa unataka mama yao."

"Mimi sitaki nyama yako, mama."

"Mluhya hataki nyama ya kuku! Ngai! Basi mimi ndio nimeona ya mwisho."

Ningewaambia habari za jino langu, lakini nani angeamini? Nilingoja majirani watawanyike, nikaanza kufunga sanduku. Ndipo aliponisogelea, akasema kwa sauti ya chini na ya haraka.

"Wewe unafikiria mimi napenda kuku? Baba ya bwana yangu akiona mtu anakula ndege anaondoka hapo. Sisi Wakikuyu si watu ya kula ndege. Ni kibali nataka. Kila wiki napewa kibali ya kupeleka mayai mjini, kwa jikoni ya hoteli. Nikitoka hoteli, napita hospitali. Wambui yangu iko huko. Ako na ugonjwa ya mfupa, mguu imefungwa na kamba na chuma, na hajafika hata umri ya shule. Hawa kuku mzee wamechoka. Hawa kidogo wakikufa, mayai imeisha. Mayai ikiisha, kibali imeisha."

"Kwa nini usiombe kibali cha hospitali?"

"Niliomba. Waliniambia mtoto ako na daktari, hahitaji mama."

Kibali kilisema mayai. Hakikusema mtoto. Angekamatwa kwenye mlango wa hospitali na kikapu kitupu, ingekuwa kesi. Vijana, nilikuwa nimemwita mwanamke huyu mkaidi kwa Mzee Mutiso, nikimcheka jinsi anavyowalilia kuku kama watu. Siku ile nilipanda baiskeli nikiwa na hasira hata sikumjibu Wekesa langoni, naye akaamini kwamba sasa nimenenepa kiburi.

Palikuwa na jambo jingine lililonikera. Mwisho wa mstari ule ule wa nyumba aliishi Njoroge, muuza makaa. Ua wake ulikuwa mweusi. Nguo zake zilikuwa nyeusi, mlango mweusi, na ufagio, kama aliwahi kuwa nao, haukuonekana mahali popote. Bibi Mkaguzi alipofika kwake aliinua sketi yake kwa vidole viwili, akapita haraka. Vifaranga wa Njoroge, wa kundi lile lile letu, walikuwa wanene, weusi kwa vumbi, wanapigana juu ya magunia. Hakuna aliyekuwa amehara damu.

Wanawake wa kijiji walikuwa wameliona hilo kabla yangu, wakafikia uamuzi wao. Makaa ni dawa. Wakayatwanga, wakayachanganya na pumba, wakawalisha vifaranga. Vifaranga wakaanza kuhara mavi meusi badala ya mekundu, na wengi wakaona hayo ni maendeleo. Njoroge hakuwahi kusema makaa ni dawa. Aliuliza tu kila mteja ana vifaranga wangapi, akapima.

Nilimsimulia Mzee Mutiso haya yote tukiwa mezani, yeye akinoa mikasi. Nilitegemea acheke. Akauliza, "Huyo mtu wa makaa anamwaga maji wapi?"

"Hamwagi maji. Makaa yakilowa mteja hayataki."

Aligeuza mikasi, akanoa upande wa pili. "Sisi huenda kwa huyo mama saa ngapi?"

"Saa nne, saa tano. Baiskeli haina mabawa."

"Kesho toka mapema. Usimwambie unakuja. Mtazame anavyofagia."

Nilifika jua likiwa bado linapanda. Mama Wambui alikuwa ndani ya kibanda, ameinama, karai la maji mkono wa kushoto. Alichovya mkono wa kulia, akanyunyiza, akachovya, akanyunyiza, hatua kwa hatua hadi ukutani, bila kuacha mahali pakavu, jinsi mama zetu sote walivyotufundisha ili vumbi lisiruke. Kisha akafagia kurudi mlangoni, akiacha ile mistari yake mizuri. Alipomaliza, alinyunyiza tena kidogo, kwa ajili ya urembo. Kufikia saa tulizozoea kufika sisi, na daktari na gari lake, uso wa sakafu ulikuwa umekauka na unang'aa. Chini yake udongo ulibaki na unyevu siku nzima, na mavi yasiyoonekana kwa macho yalikuwa yamesambazwa vizuri kwa ufagio, kila kifaranga apate haki yake.

Niwaeleze, kwa sababu bado nasikia baadhi yenu mkiwaambia watu "weka banda safi" halafu mnaondoka. Kimelea cha kuhara damu kikitoka na mavi hakina nguvu bado. Kinahitaji siku moja mbili za joto na unyevu ili kikomae. Pakiwa pakavu, hakikomai. Dawa ya kuoshea sakafu haikiui. Maji, basi, ndiyo yanayokilea. Mama Wambui alikuwa akikimwagilia kila asubuhi kama mboga, na sisi tulikuwa tukimsifu kwa kilimo chake.

Nilimwambia. Alisimama na karai mkononi, akalitazama, akanitazama, na kwa mara ya kwanza niliona anataka kulia.

"Miaka yote hii nanyunyiza."

"Kule mashambani kwenu kuku hawakuwa wamebanana hivi. Hapa ni tofauti. Acha maji, weka majivu na maranda makavu, ufagie makavu."

"Niache maji?" Uso ulibadilika. "Halafu vumbi iruke, ijae kwa nyumba? Bibi akikuja na hiyo kidole yake? Nani anamwambia bwana yake huyu apewe kibali, huyu asipewe? Mchafu hapewi kibali."

Nilikaa chini pale pale kwenye kigogo. Akinyunyiza, vifaranga wanakufa, mayai yanakwisha, hapati kibali. Asiponyunyiza, vifaranga wanaishi, mayai yanakuja, na kibali anakosa vile vile kwa uchafu. Nimefanya kazi serikalini muda mrefu na nimeona mipango mingi, lakini sijaona mwingine uliofungwa vizuri hivyo pande zote mbili.

Mzee Mutiso ndiye aliyesema, nilipomrudia, kwamba kama mama hawezi kuacha kuilowesha sakafu, basi tuwaondoe vifaranga sakafuni. Sanduku lenye miguu, chini yake waya wa matundu, mavi yapite yaanguke, vifaranga wabaki juu, pakavu. Sakafuni mama anyunyize hadi achoke. Tukaanza kutafuta waya. Hapo ndipo nilipojifunza jambo kuhusu nyakati zile. Kijiji kilizungushiwa waya, barabara iliwekewa waya, kituo cha polisi kilikuwa ndani ya waya, lakini wa kumwekea kifaranga hatukuupata. Ofisi yetu ilijibu kwamba umeagizwa. Hadi nastaafu ulikuwa haujafika.

Niliyekutana naye nikiwa narudi mikono mitupu ni Njoroge. Alikuwa uani kwake akichekecha, akitenga makaa na vumbi, kwa chekeche kubwa la waya lenye fremu ya mbao. Nilisimama. Nikatia kidole changu kwenye tundu moja la ule waya. Vumbi linapita, kipande cha makaa kinabaki. Mavi yatapita, kifaranga atabaki.

"Njoroge," nikamwambia, "nipe hilo chekeche."

"Na mimi nifanye kazi na nini?"

Nikamweleza ni la Mama Wambui. Sikumwambia habari za hospitali, lakini naye alinitazama kwa namna iliyoonyesha kwamba anajua, na huenda mstari mzima wa nyumba ulijua, na kwamba wote walikuwa wamenyamaza vizuri kuliko nilivyodhani watu wanaweza kunyamaza.

"Chukua," alisema. "Nitatumia ile ya zamani. Lakini mwambie huyo mama asiioshe."

Mzee Mutiso alikuja mwenyewe siku ya mapumziko yake, na msumeno. Tulilipigilia chekeche miguu, tukalizungushia mbao, tukatundika kopo la maji nje ya ukingo ili vifaranga wafikishe vichwa tu, wasikanyage ndani. Waliobaki walipewa dawa kwa mara ya mwisho, na ikawa kweli ya mwisho. Kuku wakubwa hawakuchinjwa. Walibaki uani, wakitazama juu kuelekea ghorofani kwa watoto wao.

Kifaranga hatagi kwa sababu amepona, hilo mnalijua. Palikuwa na miezi ya kungoja, na wale kuku wazee walikuwa wanaacha kutaga. Wiki ya kwanza kikapu kilipokaribia kuwa kitupu, nilikuta mlangoni kwa Mama Wambui yai limewekwa juu ya jiwe. Halafu jingine. Wanawake wale wale walionicheka waliyaleta wakienda kuchota maji, bila kubisha. Njoroge alileta yake, na hayo ilibidi yaoshwe. Kikapu hakikwenda mjini kitupu hata mara moja.

Bibi Mkaguzi alipokuja aliinama, akachungulia chini ya sanduku, akapitisha kidole. Sakafu ilikuwa na mistari yake, imenyunyizwa. Aliwatazama vifaranga walioketi juu ya waya, akauliza nani alimfundisha ustaarabu huu.

"Njoroge wa makaa," alijibu Mama Wambui.

Bibi aliondoka, ila kibendera kilibaki. Mjini nako ilisemekana dawa mpya imefaulu sana upande wa Riruta, na daktari akapongezwa. Alinunua keki, akatukatia mimi na Mzee Mutiso vipande vikubwa. Nimesema alikuwa na moyo mzuri.

Muda mrefu ulipita. Mitetea walianza kutaga, nami nikahamishiwa zaidi upande wa Kangemi. Siku moja Wekesa alinisimamisha njiani, akaniambia yule mama wa kibendera ananiita, haraka. Alikuwa na uso wa ajabu, kama mtu anayeficha jambo. Nilijua tu, ugonjwa umerudi. Nilijaza sanduku salfa, mikasi na magazeti ya kufungia, nikaendesha baiskeli hadi Riruta nikimtukana kila kimelea kwa jina lake la kitabuni.

Hapakuwa na ugonjwa. Ua ulikuwa umenyunyizwa na kufagiwa. Njoroge alikuwa amekaa kwenye kigogo, uso umeoshwa hadi kwenye shingo, na kuanzia hapo kushuka alikuwa Njoroge wa siku zote. Majirani walisimama ukutani.

"Kaa," Mama Wambui aliniambia. "Nilichinja ile mtetea ya kwanza. Ile ilikuwa ya kwanza kutaga."

"Mama, kwa nini? Na kibali?"

"Sasa sina haja na mayai."

Akageuka, akaita jina moja kuelekea jikoni. Mlangoni akatokea mtoto wa kike mwenye gauni la buluu, ameshika sahani kwa mikono miwili. Alikanyaga ua uliolowa, mguu mmoja ukiwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, akayumba, akasimama, akajirekebisha, akaendelea. Mama yake hakumsaidia. Hakuna aliyemsaidia.

"Niliuliza yule askari ya gate," Mama Wambui alisema, "kwenu mgeni ya maana anapewa nini. Alisema hiyo kidogo, ya ndani. Alisema anapewa yeye peke yake, na watu wakiona."

Kwenye sahani palikuwa na firigisi, nzima, peke yake. Yeye ambaye baba mkwe wake hukimbia aonapo ndege sufuriani aliifungua kwa mkono wake, akaiosha, akaipika. Niliitazama nikaona meza ya bati, trei, na vile vifuko viwili. Njoroge aliinamisha kichwa upande kunitazama. Nilikuwa na jino langu tayari kabisa ulimini.

Mtoto alikuwa amefika mbele yangu. Aliinyanyua sahani hadi kifuani mwangu, pumzi zikimtoka kwa kazi ya kutembea, akasema kwa sauti ndogo, "Kula, baba."

Nilikula, mara hiyo moja tu tangu niajiriwe. Alibaki amesimama pale pale juu ya miguu yake miwili, akinitazama mdomoni, hadi nikamaliza.